Wanafunzi wa chuo hutuhoji kila mwaka: majibu yetu huenda wapi?

Asubuhi moja tulikuwa hewani tukizungumzia bei ya mahindi, mama mmoja wa Nangwa akapiga simu. Yeye alikuwa na lake.

"Mtangazaji, nina swali. Kila mwaka mvua zikiisha wanakuja vijana wa chuo na makaratasi. Wananiuliza nina umri gani, nimesoma mpaka darasa la ngapi, nina ng'ombe wangapi, napikia kuni au gesi. Nawajibu. Mwaka unaofuata wanakuja wengine, maswali ni yale yale. Sasa majibu yangu ya mwaka jana yako wapi?"

Sikuwa na la kumjibu. Nilimwambia nitafuatilia, neno ambalo sisi watangazaji tunalisema kwa urahisi mno. Safari hii nilifuatilia kweli. Niliwauliza wahadhiri, wakutubi na wanafunzi wenyewe, na swali la mama yule likanifikisha mahali ambapo sikutarajia: maktaba ya chuo, na meza ya mhadhiri aliyeajiriwa juzi juzi.

Haya ndiyo niliyoyapata.

Kijana mwenye dodoso ni nani?

Wengi wa vijana hao ni wanafunzi wa shahada ya kwanza. Katika vyuo vingi nchini, mwanafunzi hatunukiwi shahada bila kufanya utafiti mdogo wa kwake mwenyewe. Anachagua mada, anaandika pendekezo la utafiti, anapangiwa mhadhiri wa kumsimamia, kisha anakwenda kukusanya taarifa. Akirudi anaandika ripoti ya kurasa arobaini, hamsini au zaidi, inasahihishwa, anapata alama.

Likizo ndefu ya vyuo huanza karibu na Julai. Ndiyo maana mama yule anasema wanakuja mvua zikiisha. Na kwa nini Nangwa? Mara nyingi jibu ni jepesi: kijana ni wa huku huku, au ana shangazi Katesh. Nauli na chakula vinamlazimisha afanye utafiti mahali penye pa kulala. Kwa hiyo anayekuhoji kuhusu kuni huenda ni mtoto wa jirani yako aliyevaa shati safi.

Makaratasi anayoyashika yanaitwa dodoso, yaani orodha ya maswali yaliyoandikwa mapema ili kila anayehojiwa aulizwe yale yale. Dodoso zuri hutoka kwenye kusoma. Mtafiti anasoma kwanza yaliyokwisha kuandikwa kuhusu mahali hapo, anaona kilichobaki bila kujulikana, ndipo anatunga maswali ya kuziba hilo pengo. Dodoso baya huzaliwa kwa njia nyingine. Kijana anamwomba kaka yake wa mwaka uliopita, "Nitumie la kwako kwa WhatsApp," anabadilisha jina la kijiji, anachapisha.

Mama wa Nangwa anaulizwa maswali yale yale kwa sababu karatasi ni ile ile. Mwanafunzi mmoja aliyemaliza hivi karibuni aliniambia hivyo bila aibu, na sikumlaumu sana. Alisema hakuna aliyemwonyesha njia nyingine.

Msimamizi naye ni mgeni

Hapo nikauliza: na msimamizi wake alikuwa wapi?

Wengi wetu tukisikia "mhadhiri" tunamfikiria mzee mwenye miwani na mvi. Lakini ngazi za kazi ya ualimu wa chuo kikuu huanzia chini. Anayeanza huitwa mkufunzi msaidizi, na kigezo kikubwa cha kumpata ni ufaulu wa juu katika shahada ya kwanza. Maana yake ni kwamba kijana anaweza kumaliza chuo mwaka huu akiwa mwanafunzi bora wa darasa, na muda si mrefu akawa upande wa pili wa meza. Akipata shahada ya pili anakuwa mhadhiri msaidizi, na hapo anaanza kupewa wanafunzi wa kuwasimamia katika utafiti. Utafiti alioufanya yeye mwenyewe hadi siku hiyo huenda ni miwili tu.

Na vijana wa aina hiyo wanahitajika wengi. Serikali inatekeleza mradi wa mageuzi ya elimu ya juu unaofahamika kwa kifupi HEET, kwa mkopo wa Benki ya Dunia wa dola milioni 425 ulioidhinishwa mwaka 2021. Ndani yake kuna ujenzi wa kampasi katika mikoa ambayo haikuwa nazo, pamoja na kuwasomesha wahadhiri. Hapa Manyara, Chuo cha Uhasibu Arusha kina kampasi Babati, na Chuo Kikuu Huria cha Tanzania kina kituo chake cha mkoa. Chuo kikuu kinasogea karibu na sisi. Majengo tunayaona yakipanda. Kisichoonekana kwa macho ni kama mwalimu mpya anayeingia humo anapewa msaada wa kuifanya kazi ya kusimamia utafiti, kazi ambayo ni tofauti kabisa na kufundisha darasani.

Mhadhiri mmoja kijana, ambaye chuo chake sikitaji, alinieleza wiki yake ya kwanza kazini. Alipewa ofisi ya kushirikiana na wenzake watatu, ratiba ya vipindi, na orodha ya wanafunzi kumi na wanane wa kuwasimamia. Kuhusu maktaba aliambiwa tu iko jengo gani. Mwaka mzima ulipita ndipo akagundua kwamba chuo kina nywila ya kufungulia majarida ya kitaalamu bure. Muda wote huo wanafunzi wake walikuwa wakimwambia, "Mwalimu, makala hii wanataka dola thelathini," naye akiwajibu watafute nyingine.

Hilo la nywila nitalirudia, maana lina uzito kuliko linavyosikika.

Hanang imeandikwa kuliko tunavyodhani

Kabla ya hapo niseme kuhusu vitabu. Kijana anayekuja Nangwa na dodoso la kunakili huwa ana imani moja: kwamba Hanang hakuna kilichoandikwa, kwa hiyo aanze na umri na idadi ya ng'ombe. Hapo anakosea sana.

George Klima, mtaalamu wa mila na desturi kutoka Marekani, aliishi na Wabarabaig na kitabu chake kikachapishwa mwaka 1970. Upande wa Mbulu, Robert Thornton aliandika juu ya Wairaqw mwaka 1980, namna wanavyogawa na kuielewa ardhi yao. Lowe Börjeson, mtafiti kutoka Sweden, alitoa mwaka 2004 kazi juu ya historia ya kilimo cha nyanda za juu za Mbulu, kile kilimo cha matuta na samadi ambacho babu zetu walikiona cha kawaida na wageni wakakishangaa. Na Profesa Yusufu Lawi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameandika juu ya mazingira na maarifa ya wenyeji katika nchi ya Wairaqw.

Kisha kuna habari ya ngano. Wazee wetu wanaikumbuka bila kitabu. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa msaada wa Kanada, yalianzishwa mashamba makubwa ya ngano hapa Hanang chini ya Shirika la Taifa la Kilimo na Chakula, NAFCO. Mashamba hayo yalifika saba, yakachukua zaidi ya ekari 100,000, nyingi zikiwa malisho ya Wabarabaig. Charles Lane alifanya utafiti juu ya jambo hilo na kitabu chake kilitoka Nairobi mwaka 1996.

Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Baraza la kijiji pamoja na wanakijiji 67 walifungua shauri dhidi ya NAFCO mwaka 1981. Mahakama Kuu iliwapa ushindi, NAFCO wakakata rufaa, na mwaka 1985 Mahakama ya Rufani ikautengua ushindi ule. Moja ya mambo yaliyowaangusha ni ushahidi: kijiji hakikuweza kuonyesha kwamba kiligawiwa ardhi ile na chombo chenye mamlaka ya kuigawa. Hukumu hiyo imo katika vitabu vya taarifa za kesi vya Tanzania, na wanafunzi wa sheria wanaifahamu kwa jina. Nimewahi kukutana na wakili aliyesomea Dar es Salaam, hajawahi kukanyaga Hanang, lakini neno Mulbadaw analijua vizuri. Kijana wa kata ya jirani hajawahi kulisikia likitajwa darasani.

Sasa mfikirie kijana wa Nangwa aliyeyasoma haya kabla hajapanda basi. Hatakuuliza una ng'ombe wangapi halafu aondoke. Atamuuliza mzee: malisho yalipopungua, mifugo ilihamia wapi? Nani alibaki, nani akaondoka? Mashamba yale baadaye yalimfikia nani? Hayo ni maswali ambayo mzee anayajibu akiwa amekaa sawasawa, na majibu yake ni mapya kwa sababu yanaanzia pale vitabu vilipoishia.

Au chukua maporomoko ya tope ya tarehe 3 Desemba 2023. Watu zaidi ya 80 walipoteza maisha Katesh, Gendabi na maeneo mengine chini ya mlima. Wataalamu wa serikali walieleza kwamba sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji ya mvua mpaka ikameguka. Hanang ni mlima wa volkano, una urefu wa zaidi ya mita 3,400, na sisi tunaishi miguuni pake. Mwanafunzi asiyesoma anakuja kumuuliza mfiwa, "Ulijisikiaje?" Aliyesoma kwanza anajua tayari wanajiolojia wamesema nini. Anakuja na swali ambalo mwanajiolojia hawezi kulijibu: wazee walikuwa wanaviitaje vijito vile, maji yalikuwa yanapita wapi zamani, nyumba zilianza lini kujengwa kwenye njia yake.

Kati ya maswali ya aina hizo mbili kuna tofauti ya maisha ya watu. Tofauti hiyo huamuliwa miezi mingi kabla kijana hajafika mlangoni kwako, siku anapokaa na msimamizi wake kupanga asome nini.

Mkutubi anamsaidiaje mhadhiri mpya?

Wengi wetu tunamjua mkutubi kama mtu wa kugonga mhuri na kukwambia usiongee. Kazi yake katika chuo kikuu ni kubwa zaidi. Yeye anajua kipi kipo, kiko wapi, na kinafunguliwaje.

Kwanza, majarida. Utafiti mpya wa kisayansi huchapishwa katika majarida ambayo mengi yanauzwa ghali. Lakini ipo mipango ya kimataifa inayozifungulia nchi zenye kipato kidogo bure au kwa bei ya chini. Shirika la Afya Duniani lilianzisha mpango wa majarida ya afya mwaka 2002, unaitwa Hinari. Shirika la Chakula na Kilimo likafuata mwaka 2003 na mpango wa kilimo uitwao AGORA. Sasa vimeunganishwa chini ya jina Research4Life, na Tanzania ni miongoni mwa nchi ambazo taasisi zake hupata bure. Maktaba za vyuo vyetu pia zina umoja wao, COTUL, wa kushirikiana kulipia majarida mengine. Ila ufunguo wa milango hiyo, ile nywila, mara nyingi unashikwa na maktaba. Mhadhiri mpya asipofika maktaba, au maktaba isipomtafuta, mlango unabaki umefungwa huku ada ikiwa imelipwa. Ni sawa na kijiji kuchimbiwa kisima halafu ufunguo wa pampu ukae na mtu mmoja ambaye hakuna anayejua kwake.

Pili, vitu vya zamani. Maktaba ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ina sehemu iitwayo East Africana, inayotunza maandishi ya Afrika Mashariki. Humo kuna majalada ya Hans Cory, aliyekuwa mtaalamu wa mila wa serikali ya kikoloni, na ya Henry Fosbrooke. Vitu vya aina hiyo havitafutwi Google. Mkutubi ndiye anayejua vimepangwaje. Chuo hicho kilipata jengo jipya la maktaba lililofunguliwa Novemba 2018 na Rais Magufuli, lililojengwa kwa msaada wa China, lenye nafasi ya kukaa watu 2,100 kwa wakati mmoja na uwezo wa kuweka vitabu 800,000. Jengo ni zuri. Lakini mwanafunzi anaweza kukaa humo siku nzima akichati kama hajui amwombe nani nini.

Kwa wakulima na wafugaji, maktaba ya Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro ndiyo Maktaba ya Taifa ya Kilimo, kwa sheria ya Bunge ya mwaka 1991. Kama mtoto wako anasomea kilimo au mifugo, msimamizi wake hana kisingizio cha kutoijua.

Tatu, na hili ndilo nililolipenda, mkutubi anaweza kukaa na mhadhiri mpya kabla muhula haujaanza wakapanga kazi ya wanafunzi pamoja. Badala ya kuwaambia watoto themanini "kila mtu atafute mada," wanaandaa orodha: haya ndiyo yaliyoandikwa kuhusu wilaya tatu, someni, mtuambie kinachokosekana. Kisha mkutubi anaingia darasani vipindi viwili kuwaonyesha namna ya kutafuta, na namna ya kutaja kazi ya mtu bila kuiiba. Vyuo vingi vya nje vimempangia kila idara mkutubi wake anayeifahamu fani hiyo. Kwetu, wakutubi niliozungumza nao walisema mafunzo ya maktaba yapo, lakini hulenga wanafunzi wa mwaka wa kwanza, siku zile za kukaribishwa chuoni ambapo mtoto anawaza kitanda na mkopo. Mhadhiri mpya anahesabiwa kuwa anajua. Ana aibu kusema hajui. Basi wote wananyamaza.

Sidhani hili linahitaji mabilioni ya mkopo. Linahitaji mkuu wa idara amwambie mwajiriwa wake: wiki hii ya kwanza, siku mbili ni za maktaba.

Ilishawahi kufanyika hapa hapa Tanzania

Mtu anaweza kusema hizi ni ndoto, mwanafunzi wa shahada ya kwanza ni mtoto tu, ataandika nini cha maana. Kwa hiyo nitarudi nyuma kidogo, mwaka 1968.

Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakati huo kilikuwa bado chuo kishiriki, kilichoanza Oktoba 1961 na wanafunzi wachache wa sheria. Idara ya historia iliongozwa na Terence Ranger, na walimu wake wengi walikuwa vijana. John Iliffe alifika Dar es Salaam mwaka 1965 akiwa na umri wa miaka 26 hivi. Gilbert Gwassa, Mtanzania, alikuwa akitafiti vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hadi 1907. Walimu hao walikuwa wameyapitia maandishi yaliyoachwa na Wajerumani. Walijua maandishi hayo yanasema nini, na walijua hayasemi nini: sauti ya waliopigana haikuwemo.

Wakawatuma wanafunzi. Vijana wa shahada ya kwanza walirudi katika maeneo ya kusini na mashariki, wengi makwao, wakakaa na wazee waliokuwa bado hai na waliokumbuka vita vile. Walijua lugha za nyumbani, walijua namna ya kumwamkia mzee. Walichokusanya kilitengenezwa kuwa mkusanyo wa maandiko unaoitwa Maji Maji Research Project, na nakala zake zikatunzwa. Zaidi ya miaka 50 baadaye, mtu yeyote duniani anayeandika kwa dhati juu ya Maji Maji huutumia. Iliffe pia alihariri kitabu cha wasifu wa Watanzania kilichotoka mwaka 1973, na maandishi mengi yaliyomo yalitokana na kazi za wanafunzi.

Kazi ile ilikuwa na kasoro. Baadaye mwanahistoria Thaddeus Sunseri alikosoa kwamba maswali ya mradi yaliegemea kutafuta umoja wa kitaifa, jambo ambalo nchi changa ilikuwa inalitamani, na hivyo mambo mengine ya mahali mahali yakapotea. Yaani hata dodoso la walimu hodari linaweza kumsukuma mzee aseme kile kinachotakiwa. Lakini angalia: Sunseri aliweza kukosoa kwa sababu karatasi zipo. Mtu anaweza kuzifungua, kuzisoma tena na kubishana nazo.

Za kwetu za mwaka jana haziwezi hata kubishaniwa.

Ripoti huishia wapi?

Sasa nafika kwenye jibu la mama. Ripoti ya mwanafunzi wa shahada ya kwanza ikishasahihishwa, mara nyingi nakala moja hubaki idarani. Inakaa kabatini, kabati likijaa zinahamishiwa stoo, na stoo ikijaa sihitaji kukueleza. Maktaba nyingi za vyuo sasa zina hifadhi ya kidijitali, yaani tovuti ambapo kazi za chuo huwekwa ili zisomwe popote. Lakini kinachowekwa humo kwa kawaida ni kazi za shahada ya pili na uzamivu, pamoja na makala za wahadhiri. Za shahada ya kwanza huachwa, kwa hoja kwamba ubora wake ni mdogo.

Hoja ina ukweli. Kazi ya dodoso la kunakili haistahili kutunzwa. Ila hapo tunazunguka mduara: hazitunzwi kwa kuwa ni dhaifu, na ni dhaifu kwa kuwa kila mwaka kijana anaanza upya bila kuona za waliomtangulia. Mhadhiri mpya ndiye anayeweza kuukata mduara huo, akishirikiana na maktaba: achague zile tano nzuri za kila mwaka, ziwekwe. Wakutubi wawili nilioongea nao walisema wangezipokea kesho.

Mimi mwenyewe nina deni katika hili. Nilipokuwa nasomea cheti cha utangazaji niliandika ripoti ndogo juu ya wazee na matangazo ya redio enzi za redio moja kijiji kizima. Nilimrekodi mzee mmoja kwa saa mbili. Nilipata alama nzuri. Miaka kadhaa baadaye mwanawe alinitafuta, mzee amefariki, familia inaomba sauti yake au hata maandishi. Simu niliyorekodia ilishakufa. Nilikwenda chuoni, nikaambiwa ripoti za mwaka ule ziliondolewa walipopaka rangi. Nakala yangu niliiazima mtu. Kila nikipita karibu na boma lile natamani barabara ingepita kwingine.

Akija mlangoni kwako

Unapohojiwa, una haki zako. Mwanafunzi anapaswa kuwa na barua ya utambulisho ya chuo, na kwa utaratibu wa kawaida awe amepita ofisi ya wilaya, akafika kwa mtendaji wa kata na wa kijiji. Iombe barua uisome, au mpe mtu akusomee. Kuhojiwa ni hiari. Unaweza kukataa swali moja ukajibu mengine, na unaweza kusimamisha mazungumzo katikati. Akitaka jina lako, namba yako au picha yako, muulize ya nini. Ipo Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, na inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa sababu inayojulikana na zitumike kwa sababu hiyo.

Zaidi ya haki, kuna maswali mawili ambayo ningependa kila boma la Nangwa liwe nayo tayari. La kwanza: "Mwanangu, umesoma nini kuhusu huku kwetu kabla hujaja?" Akikutajia hata kitabu kimoja, mkaribishe akae. Akibabaika, mwambie habari ya Mulbadaw, akatafute. La pili: "Ripoti yako itawekwa wapi, na sisi tutapata nini?" Kurasa mbili za Kiswahili zilizoachwa ofisi ya kijiji zinatosha. Hazigharimu zaidi ya shilingi elfu moja kuchapisha.

Na kama wewe ndiye mwanafunzi, na najua mnasoma hapa, simu yako inatosha kuanza. Fungua hifadhi ya kidijitali ya Chuo Kikuu cha Sokoine au ya Dar es Salaam, andika "Hanang" au "Mbulu" kwenye kisanduku cha kutafutia, uone kinachotoka. Hukumu za mahakama zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII. Majalada ya PDF yanakula bando, kwa hiyo soma ikisiri kwanza, yaani ule muhtasari wa mwanzo, kabla hujapakua yote. Halafu nenda maktaba ya chuo chako, mtafute mkutubi, mwambie mada yako kwa sentensi moja. Ikiwezekana nenda na msimamizi wako. Mwambie umesikia redioni kuna nywila.

Mama wa Nangwa nilimpigia kumweleza haya kabla ya kuyaandika. Alisikiliza mpaka mwisho. Akaniambia wiki iliyopita alikuja binti, anasomea mambo ya mazingira, naye akamuuliza lile swali la pili kabla hata ya kumpa kigoda. Binti alicheka, akasema hajawahi kuulizwa, akapiga simu kwa mwalimu wake pale pale uani. Mwalimu akasema sawa, wataleta nakala mwezi wa kumi.

"Nimeandika ukutani," mama akasema. "Mwezi wa kumi nitakupigia."